Kutoka sumu ya nyoka hadi kaptoprili: kisa cha peptidi iliyopunguzwa hadi ikabaki ncha

Teprotidi ni peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, yenye asidi amino tisa na uzito wa molekuli wa takriban 1,101. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilidungwa kwenye mishipa ya watu wenye shinikizo kubwa la damu, na shinikizo likashuka. Ikimezwa haikufaa kitu. Kaptoprili, dawa ya shinikizo la damu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981, ina uzito wa 217 na humezwa kama kidonge kingine chochote. Zote mbili huzuia kimeng'enya kilekile, mahali palepale. Ukizichunguza kwa makini utaona kwamba kaptoprili ni ncha ya peptidi ya sumu ya nyoka iliyobadilishwa atomu chache tu.

Kisa hiki hutajwa mara kwa mara kama mfano wa dawa iliyobuniwa kwa kutazama umbo la kimeng'enya. Sivyo ilivyokuwa. David Cushman na Miguel Ondetti, wa taasisi ya utafiti ya kampuni ya dawa ya Squibb huko Princeton, New Jersey, hawakuwahi kuliona umbo la kimeng'enya walichokilenga. Walichokuwa nacho ni umbo la kimeng'enya kingine, nao wakakifanya kielelezo. Mwaka 2003 umbo halisi lilipopatikana, ikadhihirika kwamba vimeng'enya hivyo viwili havifanani hata kidogo kwa sura. Kwa anayebuni peptidi leo, kinachostahili kuchunguzwa ni namna kielelezo chenye sura isiyo sahihi kilivyofikisha watu kwenye molekuli sahihi.

Peptidi ilikotoka na inavyosomeka

Mwaka 1949 Maurício Rocha e Silva, Wilson Beraldo na Gastão Rosenfeld walichapisha habari za bradikinini kutoka São Paulo, Brazil. Ni peptidi ya asidi amino tisa inayolegeza mishipa ya damu, na waliipata kwa kuchanganya sumu ya nyoka Bothrops jararaca na protini za plazima. Mwaka 1965 Sérgio Ferreira akaeleza kitu cha pili ndani ya sumu hiyohiyo: dondoo ambalo, likiwepo, bradikinini huongezeka nguvu na kudumu. Alilichukua hadi London kwenye maabara ya John Vane, na huko Mick Bakhle akaonyesha kwamba linazuia kimeng'enya kinachobadili anjiotensini I kuwa anjiotensini II. Wataalamu hukiita ACE, nasi tutakiita hivyo.

ACE hukata asidi amino mbili za mwisho, histidini na lusini, kutoka anjiotensini I yenye asidi amino kumi. Kinachobaki ni anjiotensini II ya asidi amino nane, ambayo hubana mishipa. Kimeng'enya hichohicho huikata pia bradikinini na kuimaliza nguvu. Ukikizuia, unapunguza kinachobana na kukilinda kinacholegeza kwa wakati mmoja.

Peptidi mbili za sumu ndizo zilizobeba taarifa yote iliyohitajika baadaye. Ya kwanza ni fupi, ya asidi amino tano: piroglutamiki, lisini, triptofani, alanini, prolini. Ya pili ni teprotidi: piroglutamiki, triptofani, prolini, arjinini, prolini, glutamini, isolusini, prolini, prolini.

Zisome polepole, kuanzia mwanzo. Zote zinaanza na asidi ya piroglutamiki, yaani glutamiki iliyojikunja ikawa pete na kuificha nitrojeni yake ya mwanzo. Vimeng'enya vinavyotafuna peptidi kutoka mwanzo huishika nitrojeni hiyo. Isipokuwepo wazi, havina pa kuanzia. Nenda sasa mwishoni. ACE haikati peptidi ambayo asidi amino ya pili kutoka mwisho ni prolini. Ndiyo maana anjiotensini II, inayoishia na prolini na fenilalanini, haiendelei kukatwa. Teprotidi inaishia na prolini mbili: inaingia mahali pa kukatia, inashika, na haikatiki. Ile fupi inaishia na alanini na prolini. Ndani ya chupa ya maabara inashika vizuri sana, lakini ACE inaweza kuikata, na mwilini haidumu.

Hapa ndipo wengi wanaobuni peptidi huchanganya mambo. Nguvu ya kushika na uwezo wa kutokatwa ni sifa mbili tofauti, na hupimwa kwa majaribio tofauti. Teprotidi ilichukuliwa kwenda kwa wagonjwa kwa sababu ya sifa ya pili. Walipotengeneza nakala nyingi za teprotidi zenye mabadiliko ya asidi amino moja moja, mfuatano uliong'ang'ania vizuri zaidi mwishoni ulikuwa triptofani au fenilalanini, kisha alanini, kisha prolini. Yaani ncha ya ile peptidi fupi. Taarifa hiyo ikawekwa akiba. Bila hiyo, mengine yote yasingewezekana.

Kwa nini teprotidi haikufaa kumezwa haihitaji maelezo marefu. Molekuli ya uzito unaozidi elfu, yenye bondi nyingi za peptidi zinazovuta maji, haipenyi ukuta wa utumbo kwa kiasi cha maana. Nayo hukutana na vimeng'enya vya tumbo vinavyokata katikati, ambavyo piroglutamiki ya mwanzoni na prolini ya mwishoni hazivizuii. Squibb ilijaribu njia ya kawaida ya wakati huo: kupima karibu michanganyiko 2,000 isiyo peptidi, kwa kubahatisha. Hakuna uliofaa.

Kielelezo cha kuazima

Mwaka 1973 Byers na Wolfenden walichapisha kazi kuhusu karboksipeptidesi A, kimeng'enya cha kongosho kinachokata asidi amino moja kutoka mwisho wa peptidi na ambacho umbo lake lilikuwa limeshajulikana kwa eksirei tangu miaka ya 1960. Walionyesha kwamba asidi ya benzilsaksini, molekuli ndogo isiyo hata na nitrojeni, inakizuia kwa nguvu isiyotarajiwa. Ufafanuzi wao ulikuwa mzuri. Kimeng'enya kikishakata bondi hubaki na vipande viwili kwa muda mfupi: asidi amino iliyokatwa, na kipande kilichobaki chenye kundi jipya la kaboksili mwishoni. Benzilsaksini inabeba alama za vipande vyote viwili ndani ya molekuli moja: kaboksili moja inakaa mahali pa asidi amino iliyokatwa, nyingine inashika zinki iliyo mahali pa kukatia.

Mwaka 1974 Cushman na Ondetti waliisoma kazi hiyo wakaiunganisha na mambo matatu waliyoyajua kuhusu ACE. Kwanza, nayo hupoteza kazi zinki ikiondolewa. Pili, nayo hutaka mwisho wa peptidi uwe na kaboksili iliyo huru. Tatu, inakata asidi amino mbili na si moja.

Kutoka hapo kielelezo chao kilikuwa mchoro wa mstari mmoja. Upande wa kulia wa mahali pa kukatia paliwekwa chaji chanya inayoishika kaboksili ya mwisho wa peptidi. Upande wa kushoto, zinki. Katika karboksipeptidesi A, kati ya hizo mbili pana nafasi ya asidi amino moja. Katika ACE lazima pawe na nafasi ya mbili. Kwa hiyo kizuizi cha ACE hakiwezi kuwa benzilsaksini yenyewe. Kinapaswa kurefushwa kwa asidi amino moja, na katikati pawe na bondi ya peptidi ambayo huenda ikashikwa na bondi ya hidrojeni.

Hakuna pembe, hakuna viwianishi, hakuna hesabu ya nishati. Mchoro huo ulisema mambo manne tu, na kila moja liliweza kukanushwa kwa kutengeneza mchanganyiko mmoja au miwili. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote, na ndiyo sifa ambayo vielelezo vingi vya leo, vyenye picha za kuvutia za rangi, havina.

Kupanda hatua kwa hatua

Mchanganyiko wa kwanza wa maana ulikuwa saksinili-prolini: asidi ya saksini iliyounganishwa na nitrojeni ya prolini. Prolini ilichaguliwa kwa sababu ndiyo inayomalizia peptidi za sumu. Kiwango kinachozuia nusu ya kazi ya kimeng'enya, tutakachokiita kiwango-nusu, kilikuwa mamia ya mikromola. Kwa dawa hicho ni kiwango kibaya mno.

Hata hivyo hawakuutupa. Waliupeleka kwenye kipande cha utumbo wa panya wa Guinea, jaribio linalotenganisha kizuizi halisi na sumu ya kawaida ya tishu. Kizuizi halisi cha ACE kinapaswa kufanya mambo matatu kwa pamoja: kupunguza mkazo unaosababishwa na anjiotensini I, kuongeza mkazo unaosababishwa na bradikinini, na kutogusa mkazo wa anjiotensini II. Saksinili-prolini ilionyesha tabia hiyo. Nguvu ilikuwa ndogo, lakini njia ilikuwa sahihi. Mchanganyiko dhaifu wenye tabia safi una thamani kuliko wenye nguvu unaoharibu kila kitu, kwani nguvu inaweza kuongezwa baadaye.

Hatua iliyofuata ilitoka moja kwa moja kwenye akiba ya peptidi za sumu. Kama alanini-prolini ndiyo ncha bora, basi kile kikundi cha methili (kaboni moja yenye hidrojeni tatu) kinachoning'inia kwenye alanini lazima kirudishwe. Wakakiongeza kwenye saksinili, jirani na bondi ya peptidi, na kiwango-nusu kikashuka hadi mikromola 22.

Kuna mtego hapo. Umbo lililofanya kazi liliandikwa kama D, ingawa asidi amino za peptidi ni za umbo la L. Si mkanganyiko wa kibiolojia. Majina hayo hutolewa kwa kufuata vikundi vinavyoizunguka kaboni, na hapa nitrojeni ya alanini imeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na kaboni. Methili inaelekea upande uleule ilikoelekea kwenye alanini ya L. Anayechora molekuli hizi kwa kompyuta na kuchagua umbo kwa kufuata herufi badala ya kufuata nafasi ya vikundi atajenga taswira ya kioo ya molekuli sahihi, na programu haitamwonya.

Wakarefusha saksinili kwa kaboni moja ikawa glutarili, methili ikibaki palepale: mikromola 4.9. Kaboksili sasa ilikuwa inaifikia zinki vizuri zaidi. Ila bado ilikuwa kaboksili, na kaboksili haina mshiko mkubwa kwa zinki. Salfa inao. Wakaiondoa kaboksili upande wa zinki, wakaweka thioli, yaani salfa yenye hidrojeni moja: 3-merkaptopropanoili-prolini, mikromola 0.20. Badiliko hilo moja, ukililinganisha na saksinili-prolini, liliongeza nguvu zaidi ya mara elfu. Urefu wa mnyororo ulikuwa muhimu pia. Kupunguza au kuongeza kaboni moja kulishusha nguvu.

Kilichobaki ni kuirudisha methili. Matokeo: mikromola 0.023, yaani nanomola 23. Hiyo ndiyo kaptoprili. Michanganyiko iliyotengenezwa tangu wazo la 1974 ilikuwa 60 hivi, ukilinganisha na ile 2,000 ya kubahatisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 1977.

Iweke sasa kando ya mwisho wa ile peptidi fupi. Prolini ipo vilevile, na kaboksili yake huru. Bondi ya peptidi kati ya alanini na prolini ipo. Methili ya alanini ipo, ikielekea palepale. Nitrojeni ya alanini, na triptofani yote iliyokuwa nyuma yake, vimeondoka; nafasi yao imechukuliwa na kaboni moja na salfa. Bondi ya peptidi iliyobaki ni moja, na inashika prolini, aina ambayo vimeng'enya vingi vya tumbo havipendi kuikata.

Kipimo kilichobeba kazi yote

Ngazi hii isingepandika bila kipimo cha haraka. Cushman na Cheung walikuwa wamekichapisha mwaka 1971, na hadi leo maabara nyingi zinazotafuta peptidi za kuzuia ACE kutoka kwenye maziwa, samaki au mimea hukitumia kwa mabadiliko madogo.

Kimeng'enya hupewa peptidi bandia, hipurili-histidili-lusini. ACE inakata histidini na lusini kama inavyofanya kwa anjiotensini I, na asidi ya hipuri inabaki huru. Mchanganyiko wa jaribio ni mililita 0.25: bafa ya fosfeti ya potasiamu milimola 100 yenye pH 8.3, chumvi ya kawaida milimola 300, peptidi bandia milimola 5, na kimeng'enya. Weka kwenye nyuzi 37 kwa dakika 30, kisha simamisha kwa mililita 0.25 za asidi ya haidrokloriki ya mola 1. Ongeza mililita 1.5 za ethili asiteti, tikisa sekunde 15, zungusha kwenye sentrifuji, chukua mililita 1 ya tabaka la juu, kausha kabisa kwa joto, yeyusha mabaki kwa mililita 1 ya maji, soma kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 228.

Sasa yanayoharibika. Chumvi si pambo. ACE inahitaji kloridi ili ifanye kazi. Ukiipunguza, kimeng'enya kinapunguza kasi na peptidi yako itaonekana na nguvu isiyo nayo, hasa ikiwa sampuli zako hazina chumvi ya kutosha na kidhibiti chako (mrija wa kulinganishia) kinayo. Ethili asiteti nayo inameza mwanga kwenye nanomita 228, kwa hiyo ukikausha nusunusu unasoma kimumunyo badala ya asidi ya hipuri. Dalili ni usomaji unaorukaruka kati ya mirija inayopaswa kufanana. Peptidi zenye triptofani, tirosini au fenilalanini zinaweza pia kuvuja kidogo kwenye tabaka la juu na kumeza mwanga, hivyo kila sampuli inahitaji kidhibiti chake kisicho na kimeng'enya. Kidhibiti kimoja cha wote hakitoshi.

Hesabu ya haraka huokoa muda. Mililita 0.25 za milimola 5 ni mikromoli 1.25 za peptidi bandia. Usiruhusu zaidi ya asilimia 10 ikatwe, la sivyo kasi inapungua yenyewe kabla kizuizi hakijafanya lolote. Asilimia 10 ni mikromoli 0.125. Unachukua theluthi mbili ya tabaka la juu na kuyeyusha katika mililita 1, na asidi ya hipuri humeza mwanga kwa 9.8 kwa kila milimola kwa sentimita moja. Hata ukichukulia kwamba yote imehamia kwenye ethili asiteti, usomaji wa kidhibiti hauwezi kuzidi 0.82. Ukisoma 1.5, kimeng'enya ni kingi mno: kipunguze kabla ya kupima chochote.

Kaptoprili inaleta shida zake mahsusi. Thioli mbili zikikutana mbele ya hewa na chembe za metali huungana kuwa disalfidi, na disalfidi haishiki zinki. Myeyusho uliokaa siku kadhaa hutoa kiwango-nusu kibaya, na mtu huanza kuulaumu kimeng'enya. Tengeneza upya siku ya jaribio, tumia maji yaliyoondolewa metali, hifadhi kwenye pH ya chini. Wengine huongeza EDTA ili kukamata metali. Inasaidia kweli kulinda thioli, lakini EDTA hiyohiyo ikifika kwenye mrija wa jaribio huinyang'anya ACE zinki yake, na utaandika ushindi wa kizuizi ambacho ni EDTA tupu. Kama huna budi, weka kiasi hichohicho cha EDTA kwenye kidhibiti, au ipunguze mpaka kidhibiti kisishuke.

Jambo jingine ni ukomo wa kipimo. Ikiwa kimeng'enya chenyewe kiko nanomola 10 ndani ya mrija, huwezi kuona kiwango-nusu kilicho chini ya nanomola 5, hata kizuizi kiwe na nguvu kiasi gani, kwa sababu unahitaji angalau molekuli moja kwa kila mahali pa kukatia unapotaka kupaziba. Kwa saksinili-prolini hili si tatizo. Kwa kaptoprili ni tatizo la kweli: nguvu yake ya kushika kimeng'enya cha mapafu ya sungura iliripotiwa kuwa takriban nanomola 1.7, chini sana ya kiwango-nusu cha nanomola 23. Namba hizo hazipingani. Kiwango-nusu hubeba ndani yake ushindani na peptidi bandia iliyowekwa kwa wingi. Nguvu ya kushika haiubebi. Anayelinganisha kiwango-nusu chake na nguvu ya kushika ya mwingine analinganisha vitu viwili visivyo vya aina moja, na kosa hilo limejaa kwenye majedwali ya peptidi zitokanazo na vyakula.

Mwisho kuhusu kipimo: peptidi inayokatwa na ACE yenyewe huonekana kama kizuizi kwa dakika za mwanzo, kwa kuwa inashindania nafasi. Kuitambua ni rahisi. Iweke na kimeng'enya saa tatu kabla ya kuongeza peptidi bandia, kisha linganisha na ile isiyosubirishwa. Nguvu ikishuka, ilikuwa chakula cha kimeng'enya. Ikibaki, ni kizuizi. Ikipanda, kipande kilichokatwa ndicho kizuizi halisi.

Salfa na bei yake

Thioli iliyoleta nguvu ya mara elfu ilileta pia upele wa ngozi, kupotea kwa ladha ya chakula na, kwa baadhi ya wagonjwa, protini kwenye mkojo. Sehemu ya lawama ilikuwa ya dozi kubwa za mwanzo. Dozi ziliposhushwa, madhara yalipungua. Ila chakula tumboni bado hupunguza ufyonzwaji wa kaptoprili, na dawa huondoka haraka kwenye damu, hivyo humezwa mara mbili au tatu kwa siku.

Watafiti wa kampuni ya dawa ya Merck, wakiongozwa na Arthur Patchett, walirudi kwenye kaboksili waliyoiacha wenzao, na kazi yao ikachapishwa mwaka 1980. Walikubali mshiko dhaifu wa zinki, wakaufidia kwa kuirudisha nitrojeni na kuongeza kipande kinachofanana na fenilalanini kinachojaza mfuko wa upande wa pili wa zinki, pale ilipokuwa triptofani ya peptidi ya nyoka. Nguvu ikafika takriban nanomola 1.2. Molekuli hiyo, enalaprilati, haikufyonzwa vizuri tumboni, hivyo kaboksili moja ikafunikwa kwa ethili, mwili ukaachiwa kazi ya kuifunua; hiyo ndiyo enalaprili. Ndugu yake lisinoprili ilibadilishwa alanini ikawekwa lisini, na haikuhitaji kufunikwa. Utaona mwelekeo: kaptoprili ilizikata asidi amino hadi zikabaki mbili kasoro, wenzao wakairudisha moja.

Mwaka 2003

Umbo la ACE ya binadamu, ile ya korodani ambayo ni sawa na nusu moja ya ACE ya mishipa, lilichapishwa mwaka 2003 likiwa na lisinoprili ndani yake. Ilikuwa kazi ya pamoja ya kundi la Ravi Acharya wa Chuo Kikuu cha Bath na la Edward Sturrock wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Protini hiyo imejengwa karibu yote kwa helisi, yaani minyororo iliyojisokota, na mahali pa kukatia pako ndani ya mfereji mwembamba na mrefu uliofunikwa kwa juu, unaozuia protini kubwa zisiingie. Karboksipeptidesi A haina sura hiyo. ACE ilikuwa karibu zaidi na kimeng'enya kingine, neurolisini, ambacho mwaka 1974 hakuna aliyekuwa na umbo lake.

Sasa rudi kwenye yale mambo manne. Zinki: ipo, na katika vimeng'enya vyote viwili imeshikwa na histidini mbili na glutamiki moja, ingawa ziko mahali tofauti kabisa kwenye mnyororo, katika ACE ni histidini 383 na 387 na glutamiki 411. Chaji chanya inayoishika kaboksili ya prolini: ipo, lakini si arjinini kama kwenye karboksipeptidesi A. Ni lisini 511, ikisaidiwa na tirosini 520 na glutamini 281. Bondi ya hidrojeni katikati: ipo, kutoka histidini 353 na 513 kwenda kwenye oksijeni ya bondi ya peptidi. Nafasi ya asidi amino mbili: ipo.

Yote manne yalikuwa kweli, na kila kitu ambacho kielelezo hakikukisema kilikuwa tofauti. Kama Cushman na Ondetti wangekuwa na kompyuta ya leo wakajenga sura kamili ya ACE kwa kunakili karboksipeptidesi A, wangepata mifuko isiyokuwepo na wangetumia miaka kubuni vikundi vya kuijaza. Uhaba wa maelezo uliwakinga.

Kisa hiki kama mtihani wa programu

Kwa anayetaka kutumia dokingi, yaani kupachika molekuli kwa kompyuta, kutafuta peptidi mpya za ACE, data ya ngazi hii ni mtihani wa bure unaopaswa kufanywa kabla ya kazi nyingine. Maumbo yako kwenye hifadhi ya wazi ya protini: 1O86 ni ACE na lisinoprili, 1UZF ni ACE na kaptoprili.

Anza na 1UZF. Ondoa kaptoprili, iache zinki, ziache ayoni mbili za kloridi. Wengi husafisha faili kwa amri moja inayofuta kila kisicho protini, kisha wanashangaa kwa nini kaboksili ya peptidi inakwenda kukaa pasipo pake. Ipachike kaptoprili upya. Ikirudi ndani ya angstromu 2 kutoka ilikokuwa, na salfa ikielekea zinki, endelea. Isiporudi, angalia mambo mawili kwanza: thioli imeachwa na hidrojeni yake, wakati ikiwa juu ya zinki inatarajiwa kuwa imeipoteza, na zinki imepewa chaji sifuri, jambo ambalo programu kadhaa hufanya zenyewe bila kuuliza.

Kisha pachika ngazi nzima: saksinili-prolini, methili-saksinili, methili-glutarili, merkaptopropanoili, kaptoprili. Usitarajie mpangilio kamili. Tofauti ya mara kumi ya nguvu ni kilokalori 1.4 tu kwa moli kwenye nyuzi 37, na makosa ya kawaida ya alama za dokingi ni kama kilokalori 2. Methili iliyoshusha mikromola 0.20 hadi 0.023, ushindi wa mwisho wa kisa chote, ina thamani ya kilokalori 1.3. Programu haiwezi kuiona kwa uhakika. Inachopaswa kuona ni pengo kati ya saksinili-prolini na merkaptopropanoili-prolini, linalozidi kilokalori 4. Na hapo ndipo nyingi huanguka, kwa sababu huihesabu salfa kama atomu kubwa ya kawaida isiyo na mvuto wa pekee kwa zinki. Ikianguka hapo, alama zake kwa peptidi yoyote yenye sisteini, au inayogusa zinki, hazina maana.

Teprotidi yenyewe usiipachike kwa njia hii. Asidi amino tisa zina bondi nyingi mno zinazozunguka, na programu itatoa jibu jingine kila ukiianzisha upya. Kwa peptidi ndefu, pachika asidi amino tatu za mwisho pekee kwanza, prolini ikiwa imeelekezwa kwa lisini 511, kisha ongeza moja moja kurudi nyuma na uiache protini itikisike kwa mwigo wa mwendo wa molekuli.

Jaribio la mwisho ni pacha wa kaptoprili, ile yenye methili iliyoelekea upande wa pili na kila kingine kilekile. Kwenye chupa ni dhaifu kwa takriban mara 100, yaani karibu kilokalori 2.8, tofauti inayotosha kuonekana. Wapachike wote wawili mara kadhaa, kila mara kwa mbegu tofauti ya bahati nasibu. Pacha huyo akipata alama sawa na kaptoprili, tatizo mara nyingi liko kwenye faili la molekuli: kigeuzi cha muundo kimefuta alama ya upande wa methili na umepachika molekuli moja mara mbili.